Kunakili rangi kutoka picha moja kwenda nyingine

Wengi wenu mnauza kutoka nyumbani: kofia za kushonwa kwa mkono, ambazo hapa huitwa kumma, kanga, nguo za watoto. Mteja wa Seeb au Ruwi haji kuishika bidhaa, anaiona WhatsApp tu. Akiona nyekundu ya pilipili kisha akaletewa damu ya mzee, atairudisha, na nauli ya dereva utailipa wewe.

Tuseme una kofia ishirini na umeshairekebisha picha ya kwanza ikakupendeza. Usianze upya kwa zile kumi na tisa. Kwenye iPhone yenye iOS 16 au ya baadaye, ifungue picha uliyoirekebisha, gusa alama ya vidoti vitatu, chagua Copy Edits. Kisha fungua picha ya pili, gusa vidoti, chagua Paste Edits. Mwenye Android anaweza kutumia programu ya Lightroom, ambako maneno ni Copy Settings na Paste Settings. Lightroom hukuuliza unakili kitu gani: chukua mwanga na rangi, uache ukataji wa picha, maana kila kofia imekaa pake.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo watu hukwama. Simu hainakili rangi unayoiona. Inanakili hatua ulizofanya. Ni kama kutia kijiko kimoja cha chumvi katika vyungu viwili, na kimoja kilikuwa na chumvi tayari. Picha ya kwanza uliipiga karibu na dirisha, ikaonekana baridi, ukaiongezea umanjano. Ya pili uliipiga usiku chini ya taa ya manjano. Ukiibandikia hatua zilezile, kofia nyeupe itatoka kama imechovywa kwenye bizari.

Kwa hiyo kazi kubwa ni kabla ya kunakili. Piga picha zote mahali pamoja na wakati mmoja. Jua la Muscat la saa sita mchana ni kali mno, linafuta kabisa tundu ndogo za nakshi ya kofia. Kaa kivulini karibu na dirisha, uzime taa za ndani. Zulia jekundu nalo liondoe, kwani hutupa wekundu wake juu ya kitambaa.

Weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa katika kila picha. Baada ya kunakili, tazama karatasi: ikiwa ya manjano au ya buluu, rekebisha picha hiyo peke yake mpaka karatasi iwe nyeupe. Kanzu nyeupe yaweza kutumika pia, ila si ile iliyofuliwa kwa buluu. Machoni inang'aa, lakini kwenye picha huegemea ubuluu.

Kabla ya kutuma, shika simu kando ya bidhaa yenyewe na ulinganishe. Hakikisha umezima ile hali ya usiku inayofanya kioo cha simu kiwe cha manjano; kwenye iPhone inaitwa Night Shift. Ikiwashwa, utahangaika kurekebisha kasoro isiyokuwepo.

Picha za pasipoti na kitambulisho cha ukaazi usizibandikie marekebisho haya kabisa. Uso unatakiwa ubaki na rangi yake.