Safisha Ua Kabla ya Mvua za Vuli

Mvua za vuli hunyesha kati ya Oktoba na Desemba. Zinapokaribia, wakazi wengi wa Mombasa hushika panga, wakafyeka nyasi na kukata ua wa michongoma wakiamini kwamba wamefukuza mbu. Ni kazi njema, maana mbu hupumzika kwenye kivuli cha majani. Lakini mbu hazaliwi nyasini, huzaliwa majini. Unaweza kuwa na bustani ya kupendeza mno na kumbe unafuga mbu ndani ya kisahani kilicho chini ya chungu cha maua.

Wa kuhofiwa hapa ni yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, aitwaye na wataalamu Aedes aegypti. Ndiye aliyeeneza homa ya dengi mjini Mombasa mwaka wa 2013, na chikungunya iliyozuka humo mwishoni mwa 2017. Yeye huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza, kwa hivyo neti ya kitandani pekee haikukingi.

Tena si mbu wa mitaro michafu. Hutafuta maji yaliyotulia ndani ya vyombo: gurudumu kuukuu, kifuu cha nazi, mkebe, hata pipa la maji safi ya kupikia. Hutaga mayai kwenye kuta za chombo, juu kidogo ya maji. Mayai hayo huweza kukauka kwa miezi kadhaa yasife. Maji yakiyafikia huanguliwa, na baada ya siku 7 hadi 10 hivi mbu wazima huruka.

Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Humwaga maji, wakaacha mayai yamegandamana pale pale. Kila juma, sugua kuta za pipa kwa brashi ngumu ndipo ulijaze tena. Hatukuambii uache kuweka akiba ya maji, kwani mifereji ya mji huu tunaijua, bali funika pipa kwa kifuniko kisichoacha mwanya au kwa kitambaa cha neti kilichofungwa kwa kamba. Visahani vya maua vitie mchanga. Magurudumu ya kuchezea watoto yatoboe chini. Kisha panda ngazi utazame mifereji ya paa, hasa ikiwa una mwembe au mwarobaini karibu, kwani majani yake huiziba na maji yakatuama usiyaone.

Mtu wa nyumbani akipatwa na homa kali, maumivu ya viungo na ya nyuma ya macho, mpeleke kituo cha afya akapimwe. Kabla ya hapo mpe parasetamoli kwa kipimo kinachofaa. Usimpe aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ikiwa ni dengi, dawa hizo huzidisha hatari ya kuvuja damu. Na akianza kutapika mfululizo, kuumwa sana na tumbo au kutokwa na damu kwenye ufizi, mkimbize hospitalini saa iyo hiyo, hata kama homa imeshuka.