Gurudumu Livujalo Polepole

Tabata ni kitongoji cha Dar es Salaam, nayo bahari haiko mbali. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi, na hivi viwili ni adui wa chuma.

Tairi lisilo na mpira wa ndani hushika upepo kwa sababu ukingo wake hubana sana ringi. Ringi ya chuma ikipata kutu, kutu huvimba, uso wake ukaparuza, na upepo hupenya kidogo kidogo. Jioni tairi limejaa; asubuhi limenywea. Dereva mvivu huongeza upepo, akaenda zake. Lakini tairi lenye upepo haba hupondeka mwendoni, likapata moto, nalo laweza kupasuka na kuua watu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Fundi mwema hufanya hivi:

1. Hujaza upepo, akapaka maji ya sabuni. Mapovu yakitoka penye ukingo wa ringi, atazame kutu.
2. Hutoa upepo wote, akaondoa tairi, akasugua kutu kwa brashi ya waya na msasa hata chuma king'ae.
3. Hufuta vumbi, akapaka rangi nyembamba ya kuzuia kutu, akangoja ikauke.
4. Hurudisha tairi, hulijaza, akalipima tena kwa sabuni.

Ringi iliyoliwa sana na kutu, au yenye ufa, haifai tena, na itupwe.

Maswali: Kwa nini kuongeza upepo kila asubuhi si dawa? Mapovu yatuonyesha nini?