Kukomboa kulikuwa na bei: somo kwa kamati zinazosomesha vijana



Katika vikao vya kamati za parokia swali moja hurudi kila msimu wa maombi ya ada. Kijana anataka kusoma historia chuo kikuu, pamoja na teolojia na maadili. Tumsaidie, au tumshauri achague uuguzi au uhasibu? Wafadhili wetu nao hutuuliza hivyo hivyo. Fedha ni chache na ajira ni ngumu, hatulikatai hilo. Hata hivyo sisi huku Mabatini tunaona maombi ya namna hiyo yasiwekwe chini ya rundo, na tungependa kueleza sababu.

Tuchukue neno tunalolitamka kila Jumapili: Mkombozi. Kukomboa ni kulipa ili kilichoshikwa kirudi, kama shamba lililowekwa rehani. Katika ukanda huu wa ziwa neno hilo liliwahi kuwa na bei halisi. Mwaka 1882 Wamisionari wa Afrika, ambao wengi wetu tunawajua kama White Fathers, waliondoka Buganda wakavuka ziwa kuja upande wa kusini, na mwaka 1883 wakaanza misheni ya Bukumbi, si mbali na Mwanza. Biashara ya utumwa ilikuwa bado inaendelea. Wamisionari hao walinunua watoto watumwa, wakawaweka huru na kuwalea misheni.

Anayesoma teolojia peke yake ataona hapo mfano mzuri wa kuhubiria. Mtu wa maadili atakuwa na wasiwasi: je, malipo ya mtoto mmoja hayakumpa mfanyabiashara sababu ya kwenda kuteka mwingine? Naye wa historia atataka kujua nani aliuza, msafara ulipita wapi, na mtoto mwenyewe alisema nini alipokuwa mtu mzima. Bila huyu wa tatu, wale wawili wa kwanza wanabishana hewani.

Na wapo watoto waliokuja kusema. Adriani Atiman alizaliwa katika nchi ambayo leo ni Mali, akatekwa akiwa mdogo, akanunuliwa na wamisionari hao hao, kisha akasomea udaktari Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu na kufundisha dini hadi alipofariki mwaka 1956. Aliacha kumbukumbu za maisha yake. Ukimsoma yeye, hutasema kwa haraka kwamba ukombozi ule ulikuwa mwema tu au mbaya tu.

Mfano mgumu zaidi uko Songea. Mwaka 1906, baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni, na baadhi yao walibatizwa muda mfupi kabla ya kunyongwa. Ubatizo ule uliwafariji, au ulikuwa sehemu ya kushindwa kwao? Swali hilo halijibiwi kwa katekisimu peke yake.

Kazi ya namna hii ina mizizi hapa nchini. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, alitumia maisha yake kuonyesha kwamba maadili ya mababu zetu yanastahili kusomwa kwa uzito. Hapa Mwanza, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilitokana na chuo alichokianzisha Askofu Joseph Blomjous huko Nyegezi mwaka 1960.

Kuhusu ajira, kamati zikumbuke kwamba mtaala wa mwaka 2023 umeweka somo la Historia ya Tanzania na Maadili mashuleni. Linahitaji walimu wanaojua pande zote mbili, na mwalimu wa aina hiyo hapatikani kwa semina ya siku tatu.

Tunashauri basi kamati imwombe kijana anayesaidiwa atumie likizo yake kuandika historia ya parokia: azungumze na wazee wangali hai, anakili daftari za ubatizo kabla mchwa hawajazimaliza. Daftari lenyewe lisitoke ofisini. Lipigwe picha pale pale kwa simu, na nakala moja ibaki kwa katibu.