Gesi Inatoa Moto, Haitoi Moshi: Mafunzo Niliyopata Uani Houston

Tangu nihamie Texas nimekuwa nikipika nyama kwa moshi kama wafanyavyo wenyeji: moto mdogo, saa nyingi, nyama mbali na miali. Jiko langu la kwanza la moshi lilikuwa kabati la chuma linalotumia gesi ya propeni. Baadaye nikapata la mkaa na la kuni, na jirani anaposafiri huniachia lake linalotumia vidonge vya mbao.

1. Nyama choma haiwezi kuamua ugomvi wa gesi, mkaa na kuni.

Wageni kutoka nyumbani Afrika Mashariki hunicheka: gesi na nyama wapi na wapi? Lakini mbuzi wa kuchoma hukaa juu ya makaa, na ile harufu yake kwa sehemu kubwa ni mafuta yanayodondoka na kuungua. Kidari cha ng'ombe cha Texas hakikutani na makaa. Kinakaa kwenye joto la nyuzi 107 hadi 135 kwa muda wa saa kumi na zaidi, mpaka ndani kifike kama nyuzi 95 na kolajeni, ile inayofanya kidari kiwe kigumu kama ngozi, iyeyuke. Kazi ya aina hiyo inataka joto lisiloyumba, na hapo gesi ina wapinzani wachache wa bei yake.

2. Ladha inatoka kwenye mti.

Propeni ikiungua vizuri huacha joto, mvuke na hewa ukaa, basi. Moshi unatoka kwenye kisanduku cha chuma juu ya kichomeo, chenye vipande vya mwaloni au hikori. Kwa hiyo anayesema nyama ya gesi haina moshi anakosea. Anayesema moshi wake si sawa na wa magogo, huyo ana hoja. Gogo linawaka kwa miali, na miali hiyo huunguza sehemu kubwa ya vitu vichungu vilivyomo kwenye moshi. Ndani ya kisanduku, mti unafuka tu bila kuwaka. Ukijaza kisanduku utapata moshi mweupe mzito na nyama inayokereketa kooni. Weka vipande vichache vikavu, uongeze kidogo kidogo, na utafute moshi mwembamba unaoelekea ubuluu. Kuloweka vipande hakusaidii. Maji hayapenyi ndani, na unachokiona mwanzoni ni mvuke.

3. Ile pete nyekundu inayoonekana nyama ikikatwa haina ladha.

Hutokea pale oksidi ya naitriki inaposhikamana na mayoglobini, protini inayoipa nyama wekundu wake. Kuni na mkaa huizalisha kwa wingi, gesi kidogo, jiko la umeme karibu hakuna. Inapendeza pichani.

4. Mkaa unaongozwa kwa hewa.

Panga mkaa usiowashwa, mimina juu yake makaa machache yaliyokolea, halafu banabana matundu ya hewa: moto utatambaa taratibu kwa saa nyingi. Ni njia iliyopewa jina la Jim Minion, Mmarekani aliyeisambaza. Kwa mbavu, pamoja na zile za kitimoto kwa wanaokula, mimi naupenda mkaa kuliko vyote.

5. Kuni zinakutaka wewe mwenyewe.

Nenda Lockhart, mji ambao Bunge la Texas liliutangaza mwaka 1999 kuwa makao makuu ya nyama ya moshi jimboni. Pale Kreuz Market, duka lililoanza mwaka 1900, utaona mwaloni ukiwaka mdomoni mwa tanuri. Nyumbani kwako gogo jipya linatakiwa kila baada ya nusu saa hivi, usiku kucha. Magharibi mwa jimbo wanatumia mti wa mesquite, ndugu wa karibu wa ule mti wa mathenge unaowasumbua wafugaji wa Baringo, Kenya. Moshi wake ni mkali. Unafaa nyama ya kuiva haraka, si kidari.

6. Vidonge vya mbao vinaogopa unyevu, na jiko lake halifanyi kazi umeme ukikatika. Kwa Houston, mambo yote mawili ni ya kufikiria.

7. Ujue gesi iliyomo mtungini.

Gesi ya kupikia ya Afrika Mashariki ni mchanganyiko wa propeni na buteni. Buteni inakataa kugeuka hewa joto linapokaribia sifuri. Propeni huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, ndiyo maana nchi zenye baridi huitegemea. Hata hivyo, ukivuta gesi kwa nguvu muda mrefu mtungi wenyewe hupoa, hata kuota barafu nje, na moto ukanywea. Mtungi wa kawaida hapa hubeba kilo 9. Upime kwenye mizani kabla ya kuanza, paka maungio povu la sabuni kutafuta panapovuja, na jiko likae nje, kama ambavyo hungeingiza mkaa chumbani.

8. Si lazima uchague jiko moja.

Nyama hupokea moshi zaidi mwanzoni, uso wake ukiwa baridi na wenye unyevu. Kwa hiyo kidari changu huanza kwenye kuni asubuhi na mapema. Kikishapata rangi nyeusi ninayoitaka, nakifunga kwenye karatasi ya bucha, nakihamishia kwenye kabati la gesi na kuliweka nyuzi 120. Kuanzia hapo kinahitaji joto tu, nami naweza kwenda kazini.