Zidisha kwa 72: Somo la Kuunda na Kupaka Rangi Ndege ya Plastiki

Mwaka huu sikuandika shairi wala insha ya methali. Nimeleta somo la kazi ya mikono, kwa sababu wengi mliniuliza ilikuwaje ile ndege yangu ya Siku ya Maonyesho ikashindwa na nyumba ya katoni. Nitawaeleza. Ukweli wenyewe haunipendezi, lakini mficha uchi hazai.

Kwanza tuelewane. Modeli ya skeli si kichezeo. Lile gari la waya tulilosukuma tukiwa wadogo lilikuwa gari kwa kuwa lilikuwa na magurudumu na usukani mrefu, basi. Hakuna aliyeuliza kama gurudumu linalingana na mlango. Modeli ya skeli ni kitu kilichopunguzwa kwa kipimo kimoja kila upande, urefu, upana na kimo. Seti niliyoletewa na mjomba wangu, ambaye ni baharia, ilikuwa ya Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza iliyopigana katika anga ya Uingereza mwaka 1940. Skeli yake ni 1:72. Ndege halisi ilikuwa na urefu wa mita 9.12, na kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine mita 11.23. Gawanya kwa 72, utapata sentimita 12.7 na 15.6. Yaani inatua juu ya daftari la hesabu na nafasi inabaki.

Kwa nini 72, mbona si 70 au 100? Waingereza walipima kwa futi na inchi. Futi 6 ni inchi 72, kwa hivyo mtu wa futi 6 anakuwa inchi moja kamili. Seti za plastiki za skeli hiyo zilianza kuuzwa kwao mwaka 1936 kwa jina la Frog Penguin, na kampuni ya Airfix ikatoa Spitfire yake ya kwanza mwaka 1953. Ziko skeli nyingine pia, kama 1:48 kwa ndege, 1:35 kwa vifaru na 1:24 kwa magari.

Hebu kumbukeni lile somo la hesabu la Kidato cha Pili ambalo tulisema halitatusaidia maishani. Kipimo cha urefu kikiwa 72, cha eneo ni 72 mara 72, yaani 5,184, na cha ujazo ni 373,248. Spitfire iliyojaa mafuta na risasi ilikuwa na uzito wa kama kilo 2,800. Gawanya uone: gramu 7 na nusu! Yangu ni nzito kuliko hivyo, na hapo hakuna wa kulaumiwa, kwani plastiki haiwezi kufanywa nyembamba kama bati la ndege likapunguzwa mara 72.

Sasa nije kwenye makosa yangu. Vipande huja vikiwa vimeshikana na vijiti vya plastiki, kama matunda kwenye tawi. Mimi nilivivunja kwa mkono, nikiwa na haraka, maana zilibaki siku nne tu. Kila kipande kikabaki na kinundu. Sikuviosha pia. Inafaa vioshwe kwa maji ya sabuni, kwa sababu hutoka kiwandani vikiwa na mafuta mafuta ambayo huzuia rangi kushika. Gundi iliyokuja na seti ilikuwa imekauka, nami nikakimbilia supaglu ya kioski. Nusu mbili za mwili wa ndege nikazibana hivyo hivyo bila kuzijaribisha kwanza zikiwa kavu, na ufa ukabaki mgongoni kutoka kwa rubani hadi mkiani. Nikajiambia, ah, rangi itafunika.

Jamani, rangi haifuniki ufa. Rangi huuonyesha. Nilipaka rangi ya mafuta ya milango, kahawia na kijani juu, nzito kama uji, mara moja tu ili nimalize. Nacho kile kioo cha rubani nikakibandika kwa supaglu ile ile. Asubuhi nikakikuta cheupe kama dirisha la matatu wakati wa mvua. Mvuke wa supaglu ndio hufanya hivyo. Kioo hubandikwa kwa gundi nyeupe ya maseremala, ambayo ikikauka haionekani.

Hata hivyo nilienda shuleni kifua mbele. Wenzangu wote walisema nimeshinda, ukiilinganisha ile ndege na vitu vingine mezani. Mwamuzi alikuwa mzee mgeni aliyewahi kuwa fundi wa ndege. Aliitazama yangu kutoka mbele, kwa jicho moja, kwa muda mrefu. Mabawa ya Spitfire huinuka kidogo kuelekea ncha, na lazima yainuke sawasawa. Yangu, la kushoto lilikuwa limelala. Kisha akatoa tochi ndogo akamulika mgongo.

"Kijana, huu ufa ni kama milimita ngapi?"

"Nusu milimita, mzee."

"Zidisha kwa 72."

Nikapiga hesabu kichwani mbele ya watu wote. Milimita 36.

"Ufa wa vidole viwili. Wewe ungeipanda ndege hiyo?"

Watu walicheka, nami nikataka ardhi ipasuke. Mshindi alikuwa msichana wa Kidato cha Kwanza aliyeunda darasa lao kwa katoni na gundi ya unga, skeli ya 1:50. Alikuwa ameupima mlango halisi kwa futi ya fundi, mita 2, na wake ulikuwa sentimita 4 kamili. Wiki nzima nilinuna nikisema mzee yule hakuthamini kitu cha ng'ambo. Haikuwa kweli. Baadaye nilisoma juu ya chama cha kimataifa cha waunda modeli za plastiki, IPMS, kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1963, nikaona waamuzi wao huanza palepale alipoanzia mzee, na tochi mkononi: viungo, nyufa, gundi iliyovuja, mabawa na magurudumu kama yamenyooka. Urembo wa rangi hufuata. Modeli yenye rangi maridadi juu ya ufa huanguka mapema.

Basi nikaanza upya. Niliuziba ufa kwa pati laini wanayotumia mafundi wa kupaka magari rangi, kidogo kidogo, nikaiacha ikauke siku mbili. Nikasugua kwa msasa laini uliolowa maji, ili vumbi lisiingie kifuani. Nikapaka andakoti ya kijivu, ambayo huumbua kila mkwaruzo, na iliumbua kweli, nikarudia pati mara tatu. Rangi niliizimua kwa tapentaini, dirisha likiwa wazi, nikapaka tabaka nyembamba nne badala ya moja nzito. Mnajua kwa nini? Rangi yenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita, ukizidisha kwa 72, ni milimita 7.2. Hiyo si rangi, ni plasta ya ukuta. Mama aliniuliza kama nimegeuka jua kali wa ndege.

Vibandiko vya alama za duara, kwa bahati nzuri, nilikuwa nimebakisha viwili vya akiba. Hulowekwa kwenye maji ya vuguvugu, halafu huteleza polepole hadi mahali pake. Rangi ya chini sharti iwe laini na ya kung'aa, ama hewa hubaki ndani na kibandiko huonekana kama gamba la samaki.

Bawa la kushoto sikuliweza. Nililijaribu likataka kuvunjika, nikaliacha. Kioo nilikibandua kwa wembe nikakisugua kwa kitambaa na dawa ya meno jioni tatu mfululizo, na sasa rubani anaonekana. Mjomba anarudi Desemba na ameshaambiwa na mama kwamba ndege imekamilika. Upande wa ndani bado kuna ukungu kidogo karibu na ukingo. Bila tochi hutauona.