Majina ya kansere kwenye karatasi ya labo

Mama mpenzi, munganga alikata kipande kidogo kwenye mlango wa kizazi, na karatasi imerudi na majina magumu. Usiitupe. Tusome pamoja.

Karsinoma: kansere inayoanzia katika ngozi ao katika utando wa viungo vya ndani.

Epidemoidi: imeanzia katika utando wa juu wa mlango wa kizazi. Ndiyo inaonekana zaidi.

Adenokarsinoma: imeanzia mahali panapotoa ute.

In situ: ingali pahali pake, haijapenya ndani. Haiumi, na inapona ikitunzwa mapema.

Hapa Goma wamama wengi wanangoja mpaka damu itoke. Wewe usingoje. Ukisoma «in situ», rudi kwa munganga juma hii hii. Moto unazimwa ungali jikoni.