Dari Ikizunguka Unapogeuka Kitandani

Umelala, unageuka upande wa kulia, na ghafla dari inazunguka. Nusu dakika hivi, inatulia. Ukigeukia tena upande uleule, inaanza upya. Kukicha, wa nyumbani watasema ni presha, au damu imepungua, au malaria. Huenda. Lakini kizunguzungu kinachoamshwa na mkao wa kichwa, tena kisichozidi dakika moja, mara nyingi chanzo chake ni sikio la ndani. Humo mna chembe ndogo sana za chokaa. Zikibanduka huangukia kwenye mfereji wenye majimaji, na kila ukigeuza kichwa hutingisha majimaji hayo, ubongo ukadhani mwili mzima unazunguka.

Vidonge vya kizunguzungu vinavyouzwa dukani hupunguza kichefuchefu, ila havirudishi chembe mahali pake. Wengine wamesikia habari za dawa ya ganzi, kama lidokaini, inayodungwa kupitia kiwambo cha sikio. Hiyo imejaribiwa kwa ugonjwa wa Ménière, ambao kizunguzungu chake huchukua dakika 20 hadi saa kadhaa, huku sikio likivuma na kusikia kukipungua. Ni kazi ya daktari bingwa, na sikio likishatiwa ganzi lenyewe huweza kuleta kizunguzungu kikali kwa muda. Kwa chembe zilizopotea njia, sioni sababu ya kuanzia huko.

Anza na mbinu ya John Epley, daktari wa masikio wa Portland, Marekani, aliyechapisha makala yake mwaka 1992 baada ya miaka mingi ya kubezwa na wenzake.

Sikio lenye shida kwa kawaida ni lile linalokuwa chini kizunguzungu kinapoanza. Tuseme ni la kulia. Kaa kitandani miguu ukiwa umeinyoosha, mto nyuma yako mahali mabega yatakapotua. Geuza uso kulia, nusu ya njia kuelekea bega. Lala chali kwa haraka, mabega juu ya mto, kichwa kikilegea nyuma kidogo. Kizunguzungu kitakuja, na ndivyo inavyotakiwa; usifumbe macho wala usiinuke. Ngoja sekunde 30, au zaidi mpaka kitulie. Bila kuinua kichwa, geuza uso hadi uelekee kushoto kwa kiasi kilekile. Ngoja tena. Sasa lalia ubavu wa kushoto, pua ikielekea sakafuni, ungoje sekunde nyingine 30. Hapa ndipo wengi huharakisha, na chembe hubaki njiani. Kisha inuka polepole kwa upande huohuo, kidevu kikiwa chini. Sikio likiwa la kushoto, geuza maelekezo yote.

Mara ya kwanza awepo mtu wa kukushika, na usiwe umetoka kula. Unaweza kurudia hadi mara tatu kwa siku. Mwenye maradhi ya shingo, au aliyewahi kubanduka retina, asijaribu peke yake. Aende kwa daktari wa masikio.

Na ikiwa kizunguzungu kimekuja pamoja na ulimi mzito, uso kupinda, mkono kulegea, kuona vitu viwiliviwili, kushindwa kutembea au kichwa kuuma vikali kwa ghafla, achana na kitanda na mito. Hiyo yaweza kuwa kiharusi. Tafuta gari la kwenda hospitali saa hiyohiyo.